Hori la Maji ya Buluu

Miaka kumi na mmoja nimelisugua hori la maji la mama mkwe wangu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kusimama akasema hori hilo ni safi. Kazi ya hori ndivyo ilivyo. Ukiifanya haionekani. Ukiiacha wiki mbili tu, kila mpita njia anageuka mkaguzi.

Hori lenyewe ni la saruji, refu kuliko kitanda, liko mbele ya banda la kukamulia, juani tangu asubuhi mpaka jioni. Na maji yakikaa juani yanaota. Kwanza unaona utelezi kwenye kingo, kama ukoga wa meno. Siku ya tano ni utando wa kijani. Baada ya hapo ni nywele kabisa, zinayumba ndani ya maji, na ng'ombe, ambaye watu humwona hana akili, anakuja, ananusa, kisha anakutazama wewe. Kwa hiyo kila Ijumaa nilizibua tundu la chini, nikamwaga maji yote, nikasugua kwa brashi ngumu na chumvi, nikasuuza, nikaliacha hori likauke saa nzima, ndipo nikafungua bomba. Nikimaliza nilichukua kipande cha mkaa nikapiga mstari mmoja kwenye ukuta wa banda. Sikuwa na sababu kubwa. Nilitaka tu pawe na mahali panaposema kwamba nilikuwepo.

Dawa ya ukijani ule niliijua, na niliisema mpaka ulimi ukaota sugu. Ni kivuli. Nyuma ya banda yalilala mabati manne chakavu na nguzo za kutosha. Hori likifunikwa juu, utando unachelewa kuota na mgongo wangu unapumzika. Lakini msimamizi wa mifugo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na yeye alinijibu mbele ya watu, "Shemeji, ng'ombe hawaogopi kuharibika rangi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Basi siku moja shemeji akaenda semina ya ufugaji, ya siku moja tu. Alirudi na kofia, kalamu mbili na kopo la mrututu, zile chembe za buluu ambazo wakulima huzichanganya na maji wakapulizia mimea yao. Tangu siku hiyo hakuanza sentensi bila kusema "kule semina", mpaka watoto wakambatiza jina hilo, Semina, nalo likamganda.

"Kule semina wametuambia hori halisuguliwi tena," alisema. "Unatia hii, ukijani unakufa wenyewe."

Alijaza kifuniko cha kopo, akamwaga, akakoroga. Sitasema uongo, siku ya tatu utando ulikuwa umekufa na kuzama, na maji yamekuwa ya buluu, maangavu, ya kupigia picha. Majirani walikuja kuyaona. Miaka kumi na mmoja ya brashi haikumleta hata mmoja, kifuniko kimoja cha mrututu kikaleta nusu ya mtaa.

"Brashi ipumzike, shemeji," akasema, akaitundika kwenye msumari. "Na wewe upumzike."

"Na kondoo wa mama?" nikauliza. Mama mkwe alikuwa na kondoo kumi na wanne, aliwapenda kuliko alivyotupenda baadhi yetu, nao walikunywa katika hori lilelile.

"Ng'ombe mfugo, kondoo mfugo. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba kitu kinachoua kila kinachoota majini hakiwezi kuwa juisi tumboni." Wakacheka tena. Safari hii sikucheka. Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Maji haya yatakuja kuwaua hao kondoo." Maneno hayo yangenirudia.

Shemeji alijitungia kanuni yake. Kwake buluu ndiyo dawa, kwa hiyo buluu ikififia, dawa imekwisha na inatakiwa nyingine. Kila alipoona maji yanaanza kuwa na rangi ya maji, alitia kifuniko. Na kila alipotia aliandika tarehe kwa chaki kwenye ukuta wa banda, pembeni ya mistari yangu ya mkaa, kwa mwandiko wa kujivunia. "Kumbukumbu, shemeji. Kule semina wanasema asiyeandika hafugi, anacheza."

Baada ya miezi miwili kondoo wa kwanza alisimama peke yake, kichwa chini. Macho yamekuwa manjano, mkojo mwekundu. Kesho yake hakuamka. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, na kufika Jumapili walikuwa wamekufa watano. Ng'ombe hawakuwa na neno, wanacheua tu.

Jumapili hiyo shemeji alituita sebuleni. Walikuwepo mawifi, wajomba wawili, mkamuaji, na mama mkwe kwenye kiti chake. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini kama kawaida yake.

"Mama," shemeji akaanza, "hapa ndani kuna mtu alijua watakufa. Alisema kwa kinywa chake. Na alfajiri ya juzi ameonekana horini na kijiti, anakoroga."

Hakunitaja. Hakukuwa na haja, macho yote yalikuwa yameshanitaja. Kijiti nilikuwa nacho kweli, nilikuwa naopoa mabaki ya utando uliooza, kwa sababu mkono uliozoea kusafisha hauwezi kupita pembeni ya uchafu ukanyamaza. Nikaeleza. Nilieleza mpaka nikajisikia kama mwongo, maana mtu akieleza sana hata ukweli unachakaa. Nilimwonya mtu juu ya moto, na sasa naambiwa niliuwasha mimi. Nikamgeukia mama mkwe, nikingoja aseme neno moja tu, kwamba ananijua. Akageuza uso, akatazama mkongojo wake.

Jioni nikampelekea chai. "Weka hapo," akasema. Chai ikapoa, ikafanya ngozi juu, nikaiondoa ilivyo. Asubuhi nilimwona akijikongoja na goti lake bovu kwenda bombani uani, kikombe chake mkononi, akachota mwenyewe, akanywa mwenyewe. Mwanamke niliyempikia miaka kumi na mmoja, niliyemwosha alipoumwa, sasa alikuwa haliamini tone la maji lililopita mkononi mwangu. Matusi ningeyameza. Kikombe kile kilinichoma, kilinichoma kweli.

Nikampigia mume wangu simu. "Vumilia, nikirudi tutaongea." Kama kuvumilia kungekuwa na chuo, mimi ningekuwa mkuu wake.

Siku tisa baada ya kikao kile, Jumanne, alipokufa wa saba, nikamwita daktari wa mifugo mimi mwenyewe. Shemeji alinifuata mpaka jikoni. "Shemeji, ukimwita daktari unajichongea."

"Acha nijichongee," nikamwambia.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira na maneno machache. Alimpasua kondoo palepale uwanjani, sisi tumemzunguka, mama mkwe ameletewa kigoda. Ini lilikuwa la manjano. Figo zilikuwa nyeusi za kumeta, rangi ambayo nyama haina. Daktari alizitazama muda mrefu, kisha akauliza wanakunywa wapi.

Akaenda horini, akachota maji kwa kiganja, akayaacha yadondoke. Alipoinua macho akaona ukuta.

"Nani anaweka kumbukumbu hizi?"

"Mimi, daktari," shemeji akasema, kifua mbele. "Kila ninapotia mrututu naandika tarehe."

"Na hii mistari ya mkaa?"

"Ya shemeji. Zamani alikuwa anasugua. Aliacha siku nilipoanza mimi, horini hatii kitu."

Daktari akazihesabu tarehe kwa kidole, moja moja, bila haraka. Zilikuwa ishirini na tatu. "Kila mara kiasi gani?"

"Kifuniko. Kilichojaa." Hapo sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

Daktari akavua glovu. "Kaka, mrututu una shaba. Ng'ombe anaistahimili kiasi. Kondoo hawezi kuitoa mwilini, inarundikana kwenye ini wiki hadi wiki, na siku ini likishindwa, inamwagika kwenye damu yote kwa mara moja. Hori la kondoo halitiwi mrututu hata kidogo. Hamkuambiwa hilo kule semina?"

Shemeji akaangalia viatu vyake mwenyewe. "Labda walisema baada ya chakula cha mchana," akasema. "Mimi niliwahi kuondoka."

Hakuna aliyecheka. Daktari akaagiza hori limwagwe na lisuguliwe, na akawapa dawa kondoo saba waliobaki, akituambia wazi kwamba huenda wengine wasipone. Alipoondoka, mama mkwe akashusha pumzi. "Basi, yaishe," akasema. "Mtu hukosea."

Nikasimama mbele ya kigoda chake. "Samahani, mama, hayaishi. Likiwa langu ni sumu, likiwa lake ni kukosea? Siku tisa nimeishi humu kama nyoka aliyeingia ndani. Alilisema sebuleni, watu wamekaa. Alifute sebuleni, watu wamekaa."

Sikuwahi kumwinulia sauti mama mkwe. Nilitegemea anifukuze uwanjani. Alinitazama, kisha akanyoosha mkono ainuliwe kutoka kwenye kigoda, na akaelekea ndani. "Waiteni," akasema.

Wakakaa walewale, viti vilevile. Shemeji akasimama, kofia ya semina mkononi. "Nasema tu kwamba kama kuna mtu alikwazika..."

"Hakuna kama," mama mkwe akamkata. "Sema vizuri."

Akaikunjakunja kofia. "Kondoo nimewaua mimi. Shemeji hakufanya kitu. Alituonya, mimi nikamgeuzia kibao." Akatoka nje bila kuangalia mtu, na baada ya kitambo tukasikia maji ya horini yakimwagika.

Mama mkwe akabaki ameshika mkongojo kwa mikono miwili. "Mke wa mkubwa," akaniita mbele ya wote, "niletee maji ya kunywa."

Nilichukua kikombe chake, nikaenda bombani. Kule uwanjani shemeji alikuwa amepiga magoti ndani ya hori, brashi mkononi, anasugua kwa kupapasa kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Mabati manne yalikuwa yameshaletwa mbele ya banda. "Shemeji, nguzo zikae wapi?" akauliza bila kuinua kichwa. Nikamwambia atafute mwenyewe jua linapita wapi, kama mimi nilivyolitafuta miaka yote. Kisha nikamwambia akandamize brashi.

Nikampa mama mkwe maji mbele ya mawifi na wajomba. Akanywa. Sikuinamisha macho kama mkwe mwema anavyotakiwa, nilimtazama funda kwa funda mpaka kikombe kikawa kitupu. Akakirudisha mkononi mwangu.

"Siku tisa nachota mwenyewe," akasema, "na yote yalinikaa kooni. Niongeze."

Nikaenda kumwongezea. Nilikuwa sijamsamehe wakati naenda, na wakati narudi nilikuwa bado sijamsamehe. Lakini kikombe nilikijaza mpaka ukingoni, na nilitembea polepole lisimwagike hata tone.