Mgonjwa wa Kitanda cha Tatu

Jumanne ile, saa nne asubuhi, Wahabu alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya bafu la nyumba yake, Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, akilinda mlango. Ndani, binti yake Shamira alikuwa akisafisha filamu kwenye ndoo. Dirisha alikuwa ameliziba kwa blanketi, na upenyo wa chini ya mlango kwa kanzu kuukuu ya baba yake. Mwanga ukiingia picha zinaungua, kwa hiyo jirani aliyekuja na sabuni yake alirudishwa.

"Mutu mwenye akili," Wahabu aliuambia mlango, "anaenda yunivasiti miaka tatu kusomea kupiga picha. Musitafa wa studio pale stendi, alisoma wapi?"

"Musitafa anapiga za pasipoti, Taata."

"Na pasipoti inavusha mutu. Hii yako inavusha nani?"

"Ngoja, Taata. Nahesabu dakika."

Shamira alikuwa mwaka wa mwisho Kampala, katika idara inayofundisha picha na filamu bega kwa bega na uchoraji na uchongaji. Mhadhiri wake, Dakta Kiiza, alikuwa amewaagiza kila mmoja apige picha kumi na mbili za mahali pamoja tu, kwa kamera ya filamu, kwa sababu simu, alisema, inamfanya mtu apige kabla hajaangalia. Mahali alipachagua Wahabu. Sanaa hakuijua, ila ushahidi aliujua.

Palikuwa kiwanja juu ya barabara, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Mbele yake palisimama bango: Wodi ya Wanawake, vitanda kumi na viwili, oksijeni, imekamilika. Bango lilikuwa na miaka minne. Nyuma yake yalikuwapo majani, na mbuzi wa watu. Walioila wodi ile waliila pamoja na misumari yake, lakini askari wa kuilinda waliajiri, Afande Kataliko, naye aliilinda. Ukikata njia kupitia kiwanjani alikuzungusha kwa nje, kufuata ukuta.

Miaka mitatu nyuma, Sadia, mke wa Wahabu, alibanwa na pumu. Wahabu alimlaza kwenye pikapu yake juu ya magunia ya vitunguu aliyokuwa akiyapeleka mpakani. Walipita mbele ya lile bango. Walipomaliza kona mbili, Sadia alikuwa ameshakata roho. Tangu hapo Wahabu alikuwa na barua moja, ile ile, aliyoipeleka ofisi ya wilaya kila mwezi. Hakudai fidia. Alitaka wakubwa waandike sentensi moja: kwamba siku aliyokufa Sadia, pale hapakuwa na wodi. Hawakuiandika. Mtu wa kiti hawezi kuandika sentensi ya namna hiyo, Wahabu alisema, kiti kitamuuma.

Kiwanja kilikuwa mali ya serikali, kwa hiyo Shamira ilibidi aombe kibali. Afisa Caleb wa ofisi ile ile alimpa kibali chenye muhuri, na sharti moja tu: kila picha, nakala yake iletwe ofisini.

Filamu ilitoka bafuni ikaanikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi mbili. Wahabu aliinyanyua kuelekea jua. Badala ya majani, ilionyesha jengo refu lenye madirisha sita, bati jipya na varanda. Mbuzi alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe iko hivi," alisema Wahabu.

"Nilidhani itatoka kama imeinama," alisema Shamira. "Lakini imenyooka."

Musitafa alizichapa picha za kwanza kwenye karatasi ya kung'aa. Alisema bati lile ni zito, si haya ya siku hizi ya kupinda kwa kidole.

Wiki iliyofuata Shamira alipiga picha za ndani, maana yake alisimama katikati ya majani akageuka huku na huku. Zilitoka na vitanda kumi na viwili, mashuka ya bluu na mitungi ya oksijeni. Kwenye kitanda cha tatu, karibu na dirisha, alilala Sadia, bomba puani, amevaa kitenge cha njano alichokuwa amevaa siku ile kwenye vitunguu.

Wahabu aliishika picha ile muda mrefu. "Amenona kidogo," alisema.

Nakala zilipelekwa ofisini. Wahabu alipokwenda na barua yake mwezi ule, Caleb alimwonyesha ukutani. "Mzee, wodi si hii? Na mama si huyu hapa? Wewe unalalamika nini?"

"Huyo alikufa kwa gari yangu."

"Huyu iko kwa matibabu," Caleb alisema kwa upole. Aliomba cheti cha kifo ili kilingane na picha. Wahabu alikataa. Cheti kile alikiweka ndani ya Kurani, mahali ambapo mkubwa hapekui.

Lakini kitu kingine kilimnyima raha, na hakikuwa cha ofisini. Kwa watu wa kule, mgonjwa halazwi peke yake. Huwa na mtu wake wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza ubavu, na usiku kulala chini ya kitanda. Asiye na mtu, watu husema kwao wamemtupa. Katika picha za Shamira kila kitanda kilikuwa na mtu wake juu ya kigoda, isipokuwa cha tatu. Katika picha ya saba, mwanamke wa kitanda cha nne alikuwa akimnywesha Sadia uji. Katika picha ya kumi, Sadia alikuwa ameugeuza uso kuangalia mlango.

"Mke wangu analishwa na watu baki," Wahabu alisema.

"Imebaki picha moja," alisema Shamira. "Lakini Taata, ukiingia, nakala itaenda ofisini. Barua yako itakuwa imekufa. Ninaweza kupiga mbuzi."

"Mbuzi atamlisha?"

Siku ya pili Wahabu alifika kiwanjani na chupa ya uji wa mtama. Afande Kataliko aliinua mkono.

"Simama. Umebeba nini?"

"Uji."

"Ya nani?"

"Kitanda cha tatu."

"Kwa nini umechelewa hivi? Miaka tatu mgonjwa anangoja. Vua viatu. Pita."

Wahabu alivua viatu, akapita majanini akihesabu vitanda kwa macho, akakaa juu ya jiwe mahali pa kigoda. Alifungua chupa, akamimina kikombe kimoja, akakinyoosha mbele yake. Shamira alibonyeza kamera.

Kwenye picha, Sadia alikuwa amekaa, amekishika kikombe kwa mikono miwili, na mdomo wake uko wazi kama mtu aliye katikati ya neno. Wahabu hakuweza kujua ni neno gani. Alidhani alikuwa akiulizia sukari.

Kampala, picha zote kumi na mbili zilibandikwa ukutani na wanafunzi wakazichambua. Mmoja alisema mwanga wa dirisha unatoka pande mbili, jambo lisilowezekana. Dakta Kiiza alisema kumi na moja za mwanzo ni kumbukumbu, ya mwisho ndiyo picha. Shamira alifaulu vizuri. Ofisini, picha hiyo ya mwisho ilikuzwa, ikawekwa fremu, na chini yake pakaandikwa: Mume wa mgonjwa akifurahia huduma.

Mvua za pili zilipoanza, Benedicte, mfanyabiashara wa Butembo ambaye vitunguu vyake Wahabu alivisafirisha, alimpeleka mama yake kiwanjani akiwa hapumui vizuri. Alikuwa ameiona wodi ukutani ofisini alipokwenda kulipia kibanda. Kataliko alimwambia vitanda vyote vina watu. Wahabu aliitwa kwa simu, akaja na pikapu. Mara hii mgonjwa alizivuka kona tatu.

Baada ya mazishi Benedicte alikuja nyumbani kwake.

"Papa Wahabu, ule afande anasema bitanda binajaa. Bitanda gani? Miye niliona majani tu, na mbuzi iko inakunya."

"Najua."

"Basi twende useme kwa bakubwa. Miye niko Mukongomani, batanisikia nani? Weye iko na barua ya miaka tatu. Sema tu ile maneno yako."

Walikwenda pamoja. Benedicte alibaki kwenye varanda, kwa sababu ndani waliruhusu mtu mmoja mmoja. Wahabu alikuwa ameshika cheti cha kifo.

Caleb alilitoa faili na kulifungua ukurasa mweupe. "Mzee, mimi si mtu mbaya. Unataka niandike wodi haiko, naandika sasa hivi. Lakini wodi kama haiko, wagonjwa wake nao hawako. Watu wa kule bondeni walisema kisima yao haiko, nikafuta. Jioni hiyo picha yao ilibaki na majani, na ndoo moja."

Wahabu aliangalia ukutani. Sadia alikuwa bado ameshika kikombe. Uji ulikuwa umepungua kama nusu.

Caleb alifungua kalamu. "Tuanze na ya kawaida. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nje, Benedicte alikohoa, kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba yupo.

"Anaendelea vizuri," alisema Wahabu.

Caleb aliandika hivyo hivyo, akanyoosha mkono, na Wahabu akampa cheti. Kisha akaombwa sahihi. Yeye aliyeishia darasa la pili aliandika jina lake lote, herufi moja moja, na alipomaliza hakuinuka mara moja, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, na Benedicte alikuwa amesimama hapo.