Upande wa Korongo

Tangu nitolewe mtoto wa jicho, jicho langu la kushoto linaona vizuri na linanisumbua vizuri. Naona vumbi lililolala juu ya kabati la Husna, mke wa mwanangu Ismaili, jambo ambalo halimfurahishi hata kidogo. Lakini nikiamka asubuhi jicho linachoma na kukwaruza, kama mtu kanimwagia mchanga ndani akaufunika kwa kope. Jua likipiga mabati ya jirani nageuza uso. Upepo wa Shume ukishuka huku bondeni, na unashuka kila siku ya Mungu, machozi yananitiririka mpaka wapita njia wananipa pole ya msiba.

Hayo yote nayavumilia. Hospitali waliniambia jicho litachukua muda kutulia.

Kivuli hawakuniambia. Kiko pembeni, kushoto kabisa, cheusi na chembamba, kimepinda kama mwezi mchanga. Nikigeuka kukitazama kinageuka pamoja nami. Hakiji mbele wala hakirudi nyuma. Kimesimama pale pale anaposimama mtu aliyekushika mkono.

Mimi nilimjua mara moja.

"Onga makei, mwenzangu," nilimwamkia kwa Kisambaa.

Husna alikuwa akimenya viazi mlangoni. Akauliza nasalimiana na nani. Nikamwambia amenye viazi.

Mwenzangu ni Mwanamisi, mke mwenzangu, mkubwa kwangu. Tuliolewa na mzee Ibrahimu, tukawa na uwanja mmoja na majiko mawili, na ugomvi wetu ulitosha majiko kumi. Mzee alipofariki tukatazamana, tukaona hakuna tena cha kugombania. Baadaye macho yangu yakaingia ukungu, kwanza moja, kisha yote mawili, nikawa wa kukaa kwenye mkeka na kuuliza nani anapita. Mwanamisi ndiye aliyeninyanyua. Alisema hawezi kulima maharage peke yake huku mimi nanenepa.

Basi kila asubuhi tulishuka shambani kwa njia ya mkato, ile inayopita ubavuni mwa mlima, korongo likiwa kushoto. Mimi nilinyoosha mkono wa kushoto na mkono ukaupokea. Mkono mkavu, wa baridi, wenye nguvu. Njiani Mwanamisi hakuwa na maneno. Mimi nilisema ya dunia nzima, yeye kimya, mpaka tufike shambani ndipo afungue mdomo. Huko alichimba mashimo kwa jembe, mimi nikafuata mlio wake nikidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Akinipa mbegu kiganja chake kilikuwa cha moto. Nilidhani ni jembe lililompasha.

Kitu kimoja tu kilinichukiza katika njia ile, nacho ni miiba. Ilininasa kanga kiunoni tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, ikinivuta nyuma kila nikitaka kukaza mwendo. Niliilaani kwa sauti kila siku. Kurudi tulizunguka barabara ya magari kwa sababu ya mizigo, nami nilishika mpini wa jembe lake nikaburutwa kama mbuzi wa sokoni.

Msimu wa baridi uliopita Mwanamisi akashikwa na kifua, akafa. Tulimzika mgombani nyuma ya nyumba, tukazungushia ua wa masale ili mbuzi wasimkanyage. Baada ya hapo nilikataa kushikwa mkono na mtu yeyote. Ismaili akachoka na ukaidi wangu, akanipeleka hospitali ya macho.

Muuguzi anayeitwa Dorkasi ndiye aliyenipa masharti. Matone haya asubuhi na yale jioni. Nisiinamie jiko la kuni, moshi ni sumu. Nisisugue. Na uso wangu usiguswe na maji mpaka aniruhusu mwenyewe. Niliitikia yote. Sikumuuliza habari ya udhu, kwa kuwa hilo nalijua tangu utotoni: maji yakikudhuru, unatayamamu. Unapiga viganja kwenye udongo safi, unapangusa uso na mikono, unasali.

Lakini uje uniambie udongo safi uko wapi katika uwanja wetu. Huku kuku, kule mbuzi, hapa wajukuu wamekojoa. Mahali pamoja tu hapakanyagwi na kiumbe, ndani ya masale ya Mwanamisi. Kwa hiyo kila ikifika swala nilikwenda kuketi kando ya kaburi, nikapiga viganja kwenye udongo wake, nikapangusa uso. Siku ileile niliyoanza ndiyo niliyokiona kivuli.

Nikaunganisha mambo. Nani asingeunganisha? Na kadiri nilivyopangusa kwa nguvu, jicho liliwaka zaidi na kivuli kilikolea zaidi. Wakati mwingine nilikwenda mgombani hata kama swala bado. Nilikaa naye tukaota jua la asubuhi, jicho likitoa machozi, nami nikimpa habari za nyumba. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu tumzike.

Husna alinikuta siku moja nimeinama juu ya kaburi, viganja usoni. Alinishika mikono akaifungua. Alipoliona jicho, jekundu kama pilipili iliyoiva, akapiga kelele.

"Mama! Unapaka jicho udongo wa kaburi?"

"Natayamamu."

"Kwenye udongo wa mama mkubwa? Ndiyo maana kila siku unaongea na watu wasiokuwepo!"

"Naongea na mtu mmoja tu," nikamwambia. "Usinizidishie."

Alilia, na kilio chake kilinitisha kuliko kelele zake. Kesho yake tulikuwa hospitali.

Dorkasi alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akaniwekea kidevu kwenye mashine yake akachungulia kwa muda mrefu. Ni binti mwenye adabu, lakini niliona taya lake limekaza.

"Bibi, jicho hili limechubuka," alisema. "Limejaa vumbi. Ukiendelea hivi utalipoteza, na la kulia hatutaligusa mpaka hili lipone. Unanielewa? Utarudi gizani moja kwa moja."

Nikamweleza habari ya kivuli, ila sikumtajia jina. Hakushangaa. Alisema wapo wanaokiona, kwamba ni ukingo wa lenzi tuliyowekewa ndani ya jicho, na kwa wengi hupotea chenyewe.

"Ukitaka kuhakikisha, funga jicho hilo. Kivuli kikiondoka, basi ni lenzi."

"Mwanangu, nikilifunga hili sikuoni hata wewe. Nitajuaje kilichoondoka?"

Akacheka kidogo. Kuhusu swala alisema yeye ni Mlutheri, hawezi kunifundisha dini yangu, ila nimuulize shehe. Shehe Selemani alituambia hata jiwe kavu linatosha. Husna akaleta jiwe la mtoni, akaliosha, akalianika, akaliweka kando ya mkeka wangu. Akasimama pale kuhakikisha nalitumia.

Niliogopa. Watu walidhani naogopa upofu, na upofu mimi nimeshaukalia miaka. Niliogopa kuamka na kukuta upande wangu wa kushoto hakuna mtu. Nilimpoteza Mwanamisi mara moja bila kumwona uso. Sasa nitampoteza mara ya pili kwa matone ya hospitali, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Hata hivyo nilitii. Jicho likaanza kupoa. Mchanga ukapungua, machozi yakapungua, nikaanza kuvumilia mwanga wa mchana bila miwani ya jua. Na kivuli kikaanza kufifia, kutoka weusi wa masizi kuwa kijivu cha majivu. Kila asubuhi niliamka na salamu yangu na kila asubuhi niliitoa kwa sauti ya chini zaidi.

Mvua za vuli zilipoanza nikasema nashuka shambani kupanda maharage. Nilikuwa na shauri langu moyoni. Kama Mwanamisi yupo, basi atakuwa katika njia yetu kuliko mahali pengine popote. Nitembee naye. Na kama njiani pia simwoni, nilikuwa nimefunga udongo wa kaburi lake katika pindo la kanga. Huo ningeutia jichoni palepale, wote, Dorkasi aseme atakalo.

Husna alikataa niende peke yangu. Akabeba jembe na mbegu, akanifuata. Kulikuwa na ukungu, ule wa huku kwetu unaokaa juu ya kabichi mpaka watu wamechoka kuungoja. Tulipofika mwanzo wa njia ya mkato nikasimama.

Njia ile nilianza kuipita baada ya ukungu kuingia machoni mwangu, nami kichwani niliijenga pana, ya watu wawili. Sasa nikaiona. Kulia ni ukuta wa mlima, umeota majani laini na gugu la maua ya njano. Hapakuwa na mwiba hata mmoja. Katikati ni njia, upana wa nyayo mbili zikikaa pamoja. Kushoto hakuna kitu. Kushoto ni vilele vya miti, na chini yake ukungu, na chini ya ukungu sauti ya maji.

"Imemomonyoka lini hii?" nikauliza.

"Haijamomonyoka, mama. Ndivyo ilivyo tangu nimeolewa. Hata mbuzi wawili hawapishani hapa."

"Na Mwanamisi alikuwa anapita wapi?"

"Nyuma yako."

"Alinishika mkono huu."

"Hapana, mama." Husna aliweka jembe chini, akaja nyuma yangu, akakamata kanga yangu kiunoni, akaivuta kidogo. Nikaujua mvuto ule kabla hajasema neno. "Hivi. Kwa mikono miwili, njia nzima. Tulikuwa tunasimama kule juu tukimtazama, tunashika roho mkononi. Alikuwa hasemi, hata salamu hajibu, anatazama miguu yako tu. Nawe unaitukana miiba."

Nililia. Hayakuwa machozi ya upepo, kwani jicho la kulia nalo lilitoa, na hilo halijaguswa na daktari. Kila siku mwanamke yule alining'ang'ania nisife na kila siku nilimlaani, naye hakuniambia. Afadhali angenitukana. Shambani angeweza kunitukana, tulikuwa peke yetu.

Halafu swali likanijia, nami sikutaka kuliuliza.

"Na mkono wangu wa kushoto? Ulikuwa wapi?"

Husna akaiachia kanga yangu.

"Uliunyoosha tu. Hivyo, juu ya korongo, umefumba vidole kama umeshika kitu. Siku moja nilimuuliza mama mkubwa. Akasema hata yeye hapendi, lakini akiushusha unaurudisha."

Upepo ulipita, ukungu ukasogea. Kivuli kilikuwepo. Kilikuwa kimerudi cheusi kuliko siku zote, kimesimama kushoto kwangu, na kushoto kwangu hapakuwa na ardhi. Nilikumbuka salamu zote nilizokipa asubuhi. Nilikumbuka kule mgombani, tukiota jua pamoja, nikikieleza habari za nyumba, majina ya wajukuu, nani anaumwa na nani analala chumba kipi.

Sikukisalimu.

Nilifungua pindo la kanga nikamwaga udongo wa Mwanamisi nyuma yangu, njiani, pale alipokuwa akikanyaga. Hata chembe sikuitia jichoni. Jicho lilikuwa linachoma lakini nililiacha wazi, kwa maana ndilo pekee nililokuwa nalo la kunionyesha mahali pa kuweka mguu.

"Turudi, mama," Husna alisema. "Tuzunguke barabarani."

"Mwenzangu amepita hapa miaka yote kwa ajili yangu. Nitapita mara moja kwa ajili yake, basi. Njoo nyuma, shika kanga."

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa mikono miwili. Na usinyamaze kama yeye, zungumza."

Nikauingiza mkono wa kushoto ndani ya kanga, kifuani, nikaubana kwa kwapa. Tukaanza. Husna alizungumza kama nilivyomwambia, habari za mbegu, za bei ya karoti Lushoto. Mimi niliangalia miguu. Unyayo mmoja, unyayo mwingine. Pembeni kivuli kilitembea nasi, nami sikugeuza uso. Nilihisi mikono ya Husna kiunoni, nikamshukuru Mungu kwa mikono ile, nikamwombea na aliyetangulia kuishika kanga ile.

Katikati ya njia Husna akaacha kuzungumza.

"Endelea," nikamwambia.

"Mama," alisema polepole, "mbona umeutoa mkono?"

Nikatazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umenyooka juu ya korongo, na vidole vilikuwa vimefumba.