Pipa Lililojaa Hadi Kwenye Alama

Walimwita Fasta, na jina likamkaa. Mashine yake ya kukamua alizeti haikuzimwa tangu macheo hadi machweo: mbegu ziingie huku, mafuta yatoke kule, yamiminwe kwenye chupa ya mteja yakiwa bado ya moto, pamoja na mashapo yake. Alijisifu kwamba kwake hakuna foleni. Ni kweli, foleni haikuwepo, na mwishowe hata wateja hawakuwepo. Mafuta yake yalitoa povu kwenye karai hadi mkaanga viazi wa njia panda akamwambia kinagaubaga kwamba yeye anauza viazi, hafui nguo.

Aliyemshika mkono ni dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akambeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa mtoto, na sasa alikuwa akimsaidia pale mashineni kupepeta mbegu.

"Punguza mwendo, mdogo wangu," alimwambia. "Mbegu zianike zikauke sawasawa. Kamua asubuhi tu. Mafuta yaache pipani yatuame wiki nzima, uuze ya juu yaliyotakata. Mchana nenda nyumbani ukapumzike."

"Nikipumzika, hapa atakaa nani?"

"Kwani mimi nimekufa? Niachie ufunguo wa banda. Ukibaki nao wewe, mikono itakuwasha, utafungua koki ya pipa kabla ya siku zake."

Fasta akacheka, maana alijijua. Akakubali shingo upande. Wiki ile ya kwanza alizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini koki ilipofunguliwa, mafuta yalitoka meupe, unaziona kucha zako upande wa pili wa chupa. Mkaanga viazi akarudi, na wenzake wakamfuata. Fasta akagundua kumbe akikamua nusu ya zamani anauza yote, harudishiwi chupa na mtu, mashine haichemki, na mgongo haumuumi. Alimpenda dada yake mwezi ule kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

Sifa zikafika hadi shule ya bweni. Mpishi wa shule akatuma salamu kwamba atapita kuyaonja. Yakimridhisha, shule itachukua mafuta hapo mwaka mzima. Kwa Fasta hilo lilikuwa la kufa na kupona. Mashine ilikuwa imezeeka, na bila mteja mkubwa asingeweza kuitengeneza tena ikigoma.

Basi ndipo povu likarudi.

Hakuelewa. Pipa lilikuwa limejaa hadi kwenye alama aliyoichora mwenyewe kwa mkaa, siku zilikuwa zimetimia, lakini mafuta yalitoka na ukungu. Akajilaumu. Akazianika mbegu zaidi, akaongeza siku za kutuama.

"Haraka iko kwenye damu yako," dada alimwambia kwa upole. "Tena usiwe unakuja mchana kuchungulia, unayavuruga. Na huyo mpishi naona kaghairi."

Fasta akatii. Jamani, mtu mzima na akili zake, akatii.

Mchana mmoja nyumba ikamshinda. Alikuwa amelala akiyawaza mafuta, akaamka akiyawaza mafuta, akajifunga khanga akaenda. Mlango wa banda ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani, dada yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya koki, anajaza madumu mafuta meupe pee, taratibu, bila kudondosha hata tone. Dumu la mwisho lilipojaa, akanyanyuka, akachukua mafuta yaliyokamuliwa asubuhi ile, ndoo baada ya ndoo, akayamimina pipani kwa juu. Mashapo yakainuka yote. Alimimina mpaka penye alama ya mkaa, akachungulia, akaongeza kidogo.

"Dada."

Dada aligeuka. Hakushtuka sana.

"Kumbe ni wewe," Fasta alisema. "Mimi nimejilaumu mpaka nimekonda. Unanizunguka wewe?"

"Nakuzunguka nini? Nani alikwambia yatuame? Akili ni yangu. Wewe unapata sifa, mimi napata vumbi la makapi puani."

"Ungesema. Ungeniomba tu, ningekupa nusu ya kila kitu."

"Nikuombe wewe?" Dada akaweka ndoo chini. "Mtoto niliyembeba mgongoni, leo nimpigie magoti?"

Nje gari likasimama. Mpishi wa shule akaingia, mtu mnene mwenye bashasha, akampita Fasta na kumpa dada mkono kama wanaojuana siku nyingi.

"Mama mkubwa! Mzigo wetu tayari? Yale ya juzi yalikuwa safi sana, walimu wenyewe wamesifia."

"Hayo ni mafuta yangu!" Fasta alisema. "Mashine yangu, mbegu zangu, pipa langu hilo hapo!"

Mpishi akatazama huku na huku. Kwa adabu tu, akafungua koki, akakinga kiganja. Yalitoka ya vuguvugu, mazito kwa mashapo. Akayanusa, akajifuta kwenye suruali.

Dada akamsogelea Fasta, akamwekea mkono begani. Ulikuwa mkono mwepesi, ule ule uliokuwa ukimbembeleza alale.

"Msamehe," alimwambia mpishi. "Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Amechoka. Kila siku namwambia apunguze mwendo, apumzike, hasikii."

Fasta alifungua mdomo. Akaona macho ya mpishi yanavyomtazama, yamejaa huruma, akajua kwamba lolote atakalosema sasa litakuwa ni uchovu unaosema.

"Pole sana, mama," mpishi akamwambia, huku akiinama kubeba dumu la kwanza. "Msikilize dada yako. Anakupenda huyu."