Mboga ya Kusukumia Wiki

Kila mgeni aliyekaribishwa chakula kwa Eliufoo, pale kijijini Mamba, alisimuliwa habari za Voi, mji wa ng'ambo ya mpaka. Huko alifanya kibarua ujanani, na huko ndiko alikojua maana ya sukuma wiki.

"Kibarua unalipwa Jumamosi," angesema, "ikifika Jumanne mfuko mtupu. Nyama huioni. Basi unakula jani hili, linakusukumia wiki mpaka mshahara. Ndiyo maana wakaliita hivyo. Ni mboga ya asiye na kitu." Kisha angemtazama Raheli, mkewe, na kucheka peke yake.

Raheli hakucheka. Bustani ile nyuma ya nyumba ilikuwa yake, na ndiyo iliyowalisha, maana kwingine kote mumewe alijaza tangawizi, na tangawizi siku zote ilikuwa inangoja bei. Wiki gani hiyo isiyoisha? Watoto walizaliwa, wakakua, wakaondoka, na wao bado wanasukuma.

Mwaka huu vuli ilikataa. Maji ya ndiva, bwawa lao la tangu enzi za mababu, yakagawanywa kwa zamu, na zamu ya bustani ya Raheli ikawa Alhamisi. Eliufoo akaitaka.

"Tangawizi ndiyo mali," alisema. "Hizo mboga zako ni za kupitishia siku tu."

"Baba Anaeli, zikikauka tutakula nini?"

"Tutakula nyama."

Raheli akakataa. Alhamisi akaenda na jembe kufungua mfereji, akakuta maji yameshageuzwa, yanaelekea kwenye tangawizi. Angeweza kumshtaki kwa wazee wa ndiva, na wangemtoza faini mchana kweupe. Lakini amsimamishe mumewe mbele za watu kwa ajili ya mboga? Aliona aibu, akarudi nyumbani. Aibu yenyewe haikuwa yake, ila ndivyo tulivyolelewa milimani huku, mume akose na mke ainamishe kichwa.

Basi kila Alhamisi ikawa hivyo. Sukuma wiki ikanyauka, vikabaki vijiti. Nayo tangawizi, iliyokuwa na zamu yake tayari na isiyopenda kulala majini, ikaoza chini kwa chini. Eliufoo alipoifukua ilikuwa rojorojo, inanuka. Mtaka yote hukosa yote, wanasema. Hawasemi kwamba na mkewe hukosa pamoja naye.

Jioni hiyo Raheli alichukua kikapu akapanda kwa Esta, jirani aliyezoea kuja kuomba mboga kwake, lakini ambaye zamu yake ya maji hakuna aliyeigusa. Esta alimchumia bila kuuliza neno, tena nyingi, na huruma ile ikamuuma Raheli kuliko masimango.

Akapika. Eliufoo akala, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Mboga ya Esta laini," akasema. "Ya kwako ilikuwa na uchungu kidogo."

Katika ndoa yao Raheli alishamkasirikia mtu huyu, alishamchoka, hata kumwonea huruma alishamwonea. Lakini kumchukia alianza wakati ule. Alinyoosha mkono, akachukua sahani, akamwongezea.