Glavu za Kupigiwa Picha

"Sista, hebu anua hizo glavu upesi," mganga mfawidhi alisema. "Wageni wako njiani. Unataka tuumbuke?"

Muuguzi akazianua kwenye kamba nyuma ya zahanati, mbichi bado, akazitumbukiza ndooni. Ni glavu za kuvaa mara moja na kutupa, lakini hapo zilikuwa zikifuliwa na kuvaliwa tena mpaka zinachanika zenyewe. Kidole gumba chake kilikuwa na plasta. Kichupa cha dawa kilimkata asubuhi.

Msaada wa serikali kwa wahudumu wa afya ukafika na kamera yake. Maboksi ya glavu yakapangwa juu ya meza nje, afisa wa wizara akaanza kukohoakohoa. Kabla hajatamka neno, akaingia mjamzito ameshikwa kwapani na mama mkwe wake, uchungu umekolea.

Wakati muuguzi anamlaza, mjamzito akamshika mkono. "Sista, niliambiwa nina homa ya ini. Jikinge."

Muuguzi akatoka mbio. "Mheshimiwa, naomba jozi moja tu."

"Subiri kidogo, bado hatujakabidhi. Tukifungua boksi sasa, tutapiga picha ya nini?"

"Mtoto hasubiri hotuba, mheshimiwa."

Mganga mfawidhi akamvuta pembeni. "Wewe nawe! Za ndooni si zipo?"

Zilikuwepo. Ya kwanza ikachanika, ya pili nayo hivyo hivyo. Akavaa mikononi mifuko ya plastiki ya sukari, ikawa inateleza, na kichwa cha mtoto kilishatoka. Akaivua. Akampokea mtoto kwa mikono mitupu, akaona plasta imelowa damu ya mzazi, akajua imeshaingia kwenye kidonda chake. Alitegemea ataogopa. Wapi! Hakusikia chochote.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia polepole, "na wewe una watoto."

"Ninao, mama."

Alipokwisha kunawa wakamwita mezani. Akauliza habari ya ile chanjo ya homa ya ini waliyoahidiwa wauguzi.

"Hiyo ni awamu ya pili," afisa akasema. "Shika boksi. Tabasamu basi, sista! Hicho kidole kifiche."

Akakificha. Picha ikapigwa, makofi yakapigwa, kisha dereva akarudisha maboksi yote garini. Kulikuwa na zahanati nyingine ya kukabidhiwa mchana huo, na glavu ni hizo hizo.

Vumbi lilipotulia, muuguzi akaenda nyuma na ndoo yake. Akazianika tena zile glavu za ndooni, pamoja na mifuko ya sukari.