Makopo Ishirini na Manne

Karani alistaafu mwezi wa kumi na moja, na kufikia mwisho wa mwaka mikono ilikuwa inamwasha. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza masjala, mtu wa kuulizwa faili la mwaka wowote akalitoa kabla hujameza mate. Majirani walimwita Bwana Faili, wala hakuchukia. Sasa nyumba nzima haikumbakizia kitu cha kupanga ila soksi zake, na soksi alizimaliza siku ya pili tu.

Kwa hiyo mkewe alipokwenda kumsalimia dada yake siku mbili za mwisho wa mwaka, Karani alivamia jikoni.

Machoni pake jiko lile lilikuwa aibu tupu. Sukari ilikaa kwenye kopo la maziwa lililobonyea, chumvi kwenye bati lenye kutu ukingoni, majani ya chai kwenye chupa ya jemu, mchele kwenye ndoo iliyokatika mkono. Alinunua makopo ishirini na manne ya plastiki nyeupe, yote saizi moja, vifuniko vya aina moja. Akamimina, akafuta rafu, akabandika lebo kwa mwandiko wake ule wa masjala, kisha akayapanga kwa alfabeti, kuanzia bizari hadi unga. Makopo ya zamani akayatia kwenye gunia nyuma ya nyumba, yasubiri gari la taka la Jumatatu. Mwaka mpya ulimkuta ameketi kwenye kigoda anaitazama rafu, roho yake kwatu.

Mkewe alirudi tarehe mosi, kabla ya saa sita.

"Haya, mama, sema neno," Karani alimwambia.

Mkewe alisimama mlangoni, mkoba bado uko begani. Akanyoosha mkono, akashika kifuniko kimoja, cha pili, cha tatu.

"Makopo yangu yako wapi?"

"Takataka zile? Ziko zinakostahili."

"Umejitahidi, baba," alisema, akaenda kuvua viatu. Karani alingoja sifa nyingine. Hazikuja.

Chai ya saa kumi ilikuwa na chumvi. Karani aliitema kwenye kisosi.

"Mama, si imeandikwa?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Kesho yake maharagwe yalikuwa matamu kama peremende. Siku ya tatu alimfuma kwenye rafu anafungua kopo moja moja, anachovya kidole, anaonja, anafunika, na kila analolirudisha halirudi mahali pake. Karani alijua dharau akiiona. Hata kazini walikuwako watu wa namna hiyo, wanaorudisha faili popote ili wakukomoe. Akakata shauri moyoni kwamba mwanamke huyu amenuna kwa kuwa ameingiliwa jikoni kwake, na badala ya kusema, anamtesa kwa kijiko. Mwaka una siku tatu na tayari wamegombana!

Akalinyakua kopo moja, akaliinua mbele ya uso wa mkewe.

"Nimeandika nini hapa? Soma."

"Baba, niache nipike."

"Neno moja tu. Ukilisoma sitii mguu humu mpaka mwakani."

"Chumvi," mkewe akasema.

Karani alifungua mdomo amwambie kwamba hata mtoto wa chekechea angeona si chumvi. Hapo macho yake yakatua kwenye lebo. MCHELE, kwa herufi kubwa, nyeusi, zikimtazama yeye. Lebo ilikuwa upande wake. Upande wa mkewe hapakuwa na kitu, plastiki tupu.

Hasira yote ilimwisha. Aliliweka kopo mezani, akavuta kiti.

"Tangu lini?"

Mkewe naye akakaa. "Jicho la kushoto tangu mwezi wa nne. La kulia likafuata. Mwanga nauona, na mtu akisimama naona kuna mtu. Wewe nakujua kwa kikohozi."

"Na hukuniambia!"

"Ungenifungulia faili." Alisema bila kutabasamu. "Ungempigia binti yetu, angeleta mtu wa kupika, na mimi nianikwe uani kama nguo. Humu jikoni nilikuwa naona, baba. Lililobonyea sukari, lenye kutu chumvi. Nilikuwa nimeshajifunza jiko zima kwa vidole. Nimerudi nimekuta umenizimia taa zote."

Karani hakuwa na mazoea ya kulia, na alilia vibaya, kwa pua kuliko kwa macho. Kisha akatoka nyuma ya nyumba. Ilikuwa Jumamosi. Gunia lilikuwa bado lipo.

Aliyaosha makopo moja moja, akayafuta, akamwekea mkewe mezani. Yeye akayapapasa na kusema kila moja linakaa wapi: sukari la tatu kutoka mlangoni, chumvi la tano, majani pembeni kwenye kona. Karani akayarudisha yote na vitu vyake, bila ubishi, ingawa kuona mchele kwenye ndoo mbovu kulimuuma kidogo.

"Na Jumatatu tunakwenda hospitali ya macho," alisema.

"Tutakwenda. Binti nitamwambia mwenyewe, nikishajua cha kumwambia."

Karani akachukua kalamu aandike mpangilio ule asije akausahau.

"Weka kalamu," mkewe alisema. "Fumba macho, upike chai."

Akafumba. Aligonga sufuria, akamwaga maji, akajikuna kichwa, akapapasa rafu. Aliweka vikombe viwili mezani kwa fahari, akafumbua macho, akanywa. Chumvi. Alikuwa amehesabu kutoka dirishani.

Mkewe alikuwa keshapiga funda la pili.

"Acha, mama, usinywe! Nimekosea."

"Mwezi wa sita, nilipokuwa najifunza, nilikutilia chumvi mara mbili," alisema. "Ulikuwa unasoma gazeti. Ukaniambia, 'Mama, leo sukari haikukolea.' Ukanywa yote."

Karani alimwaga vikombe vyote viwili, akafumba macho tena, akaanza kuhesabu kutoka mlangoni.