Neva ya Nyuma ya Kiwiko

Saa mbili asubuhi, katika maabara ya anatomia, mhadhiri alifunua maiti ya meza yetu. Mtihani wangu wa marudio ulikuwa umebakiza swali moja. Nikilikosa, chuo kinanifukuza.

"Nionyeshe neva inayopita nyuma ya kiwiko."

Sikuiona. Wiki nzima nilikuwa nimekwangua mafuta ya maiti hiyo kwa bidii ya mchwa, hata wenzangu wakaniita Bwana Usafi. Uzi mweupe niliodhani ni utando nilikuwa nimeutupa pamoja nayo.

"Nani alisafisha hapa?"

"Mimi, mwalimu."

"Basi umejimaliza mwenyewe, mwanangu. Haya, nionyeshe kwenye mkono wa pili."

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Vipi tena?"

"Huo nao niliusafisha mimi."

Mhadhiri aliandika sifuri, akaifunika maiti, akamwita mwanafunzi aliyefuata.